UZI: Waranti ikiisha, spika ni ya nani? Haki ya kutengeneza kwa lugha rahisi

1/ Wadau, kawaida ya hapa mnaijua. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja moja inayorushwa kwenye midahalo, tunaifungua, kila mtu anaamua mwenyewe. Leo ni ile inayoitwa "haki ya kutengeneza". Kwenye majukwaa inapita kwa sekunde thelathini, watu wanapiga makofi, mdahalo unahamia ushuru. Mimi nataka tukae nayo kidogo, na nitaanza na spika mbili za binamu yangu.

2/ Binamu yangu anarekodi kwaya na matangazo ya maduka kwa studio ndogo huko Kayole. Mwaka juzi alinunua jozi ya spika za studio, zile zenye amplifaya ndani yake, kwa Sh160,000. Nusu ilikuwa akiba, nusu mkopo wa chama (chama cha akiba jamani, si vile vingine). Waranti: miezi 12. Mwezi wa 14, spika ya kushoto ikanyamaza katikati ya kazi ya mteja. Taa haikuwaka tena. Mkopo ulikuwa umebakisha miezi minne.

3/ Alirudi dukani na risiti yake. Kijana wa kaunta hakuwa mkorofi, alimwambia ukweli: "Boss, bodi ya ndani haiuzwi kivyake. Kiwanda hakituletei. Ukitaka, nunua spika nyingine, ni elfu themanini." Binamu akauliza kama anaweza kupata mchoro wa saketi ampelekee fundi wake. Akajibiwa kwamba michoro ni ya mafundi walioidhinishwa tu. Na fundi aliyeidhinishwa hapa Kenya ni nani? Hakuna.

4/ Tukaenda Luthuli Avenue, kwa mzee mmoja aliyeanza kutengeneza redio kabla sisi hatujazaliwa. Akafungua, akapima kwa mita, akatuita tuone. "Shida iko hapa kwa pawa sapulai. Chipu moja imeenda. Lakini angalieni, namba yake wameikwangua. Na huku wamemwaga gundi nyeusi. Hii hawakusahau, vijana wangu. Hii ilipangwa." Tukamuuliza, fundi, si ujaribu tu? Akakataa. "Siwezi chukua pesa yenu nikibahatisha."

5/ Kwenye meza hiyo hiyo kulikuwa na amplifaya ya miaka ya 1970 aliyokuwa amemalizia. Alibadilisha kapasita mbili na transista moja, akamtoza mwenyewe Sh2,500. Iliwezekana kwa sababu enzi hizo watengenezaji wengi walichapisha mwongozo wa fundi wenye mchoro mzima wa saketi, kila kipande na namba yake. Transista ya asili ikikosekana, fundi anasoma vipimo na kutafuta inayolingana nayo. Kwa hiyo kifaa cha miaka karibu 50 kinaimba, na cha miezi 14 kinashikilia mlango usifungwe na upepo.

6/ Sasa tuelewe kifaa kinazuiwaje kutengenezwa. Njia ni tano, na mara nyingi hutumika pamoja:
– Spea haziuzwi, au zinauzwa kwa maduka ya kampuni pekee.
– Mchoro wa saketi na mwongozo wa fundi ni siri.
– Gundi, skrubu za ajabu, namba za chipu zilizofutwa.
– Programu inayokataa kipande kipya kisichosajiliwa na kiwanda, hata kama ni kipande halisi.
– Kifaa kinategemea seva ya kampuni. Seva ikizimwa, kifaa kinapoteza kazi zake.

7/ Hiyo ya programu si hadithi. Mwishoni mwa 2019 wateja wa kampuni ya spika ya Sonos waligundua kwamba ili mtu apate punguzo la asilimia 30 kwa spika mpya, ilibidi aiweke ile ya zamani kwenye hali maalum. Baada ya siku 21 ilijizima milele. Spika nzima, inayofanya kazi, haiwezi tena kuuzwa mtumba wala kupewa ndugu. Watu walipiga kelele sana, na Machi 2020 kampuni ikauacha mpango huo. Kumbuka hapo hakuna kilichokuwa kimeharibika. Amri ya programu tu.

8/ Upande wa hedifoni na zile za kuchomeka masikioni bila waya, tatizo ni betri. Betri ya lithiamu huchoka kadri unavyoichaji, hiyo ni kemia, haina njama. Swali ni kama unaweza kuibadilisha. AirPods za kwanza zilipofunguliwa na wale jamaa wa iFixit, ambao kazi yao ni kupima urahisi wa kutengeneza vifaa, zilipata alama 0 kati ya 10. Huwezi kuifikia betri bila kuharibu kifaa chenyewe. Yaani unanunua sauti yenye tarehe ya mwisho, ila tarehe haijaandikwa kwenye boksi.

9/ Haki ya kutengeneza ni nini basi? Ni sheria inayomwambia mtengenezaji: yale unayowapa mafundi wako, yaani spea, maelezo, na vifaa au programu za kupimia, mwenye kifaa na fundi wa kujitegemea nao wayapate kwa bei ya haki. Basi. HAISEMI kampuni itengeneze bure. HAISEMI waranti iwe ya milele. Mwanasiasa akikuambia ni mojawapo ya hayo mawili, ama hajasoma ama anategemea wewe hujasoma.

10/ Nani ameshaifanya? Marekani ilianza na magari: jimbo la Massachusetts lilipiga kura ya wananchi mwaka 2012. New York ilipata sheria ya vifaa vya kielektroniki Desemba 2022. Ya California ilianza kutumika Julai 2024, na ni rahisi kuielewa. Kifaa cha dola 50 hadi 99.99, spea na maelezo yapatikane kwa miaka 3 tangu modeli ilipotengenezwa mara ya mwisho. Cha dola 100 kwenda juu, miaka 7. Hata kama waranti iliisha kitambo. Kwa bei yake, spika ya binamu yangu ingekuwa kwenye daraja la miaka 7.

11/ Oregon nayo mwaka 2024 ikapitisha sheria inayopiga marufuku ule mchezo wa programu kukataa kipande halisi. Ulaya wana agizo la 2024 ambalo nchi wanachama zinatakiwa kuanza kulitumia 31 Julai 2026. Lakini soma orodha yake: mashine za kufua, friji, simu, tableti na kadhalika. Spika na amplifaya hazimo. Kinachogusa hedifoni huko ni kanuni ya betri: kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ingawa kuna misamaha. Funzo: sheria inaweza kuwa na jina zuri na bado ikuache nje.

12/ Kuna mtu ashaanza kuandika kwenye majibu, "Spika za bei ghali ni shida za matajiri." Poa. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya viti vya magurudumu vya umeme mwaka 2022, kisha ya mashine za kilimo mwaka 2023. Hoja ni ile ile na kufuli ni lile lile. Ukikubali leo kwamba mwenye spika hana haki ya mchoro, kesho huna jibu kwa mkulima ambaye trekta yake imejifunga msimu wa mvua, wala kwa hospitali ya kaunti yenye mashine iliyokwama kwa sababu ya bodi moja.

13/ Turudi nyumbani. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Neno "spea" halimo. Lakini soma tena hiyo ya habari. Kwa maoni yangu, mtu anaweza kusimama mahakamani na kusema mchoro wa saketi ni habari ya kunifaidisha na spika yangu. Mimi ni mwanafunzi wa siasa, si wakili, kwa hivyo chukua hiyo kama hoja na si ushauri.

14/ Hii hapa ndiyo iliyonishangaza nikisoma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu utengenezaji wa magari na bidhaa nyingine. Nikafurahi. Kumbe inamhusu anayetengeneza: ampe mteja makadirio ya gharama kabla ya kumtoza, asifanye kazi ambayo mteja hajakubali, na kadhalika. Ni mambo mazuri, nani hajawahi kuongezewa bili na fundi? Lakini ona inamfunga nani. Mzee wa Luthuli ana masharti. Aliyefuta namba ya chipu, sehemu hiyo haimgusi.

15/ Kuna sheria ya tatu watu huisahau: ile ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Imeleta wajibu wa mtengenezaji kwa bidhaa anayoingiza sokoni hadi inapokuwa taka. Dunia ilitoa takriban tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sasa fikiria. Tunamwambia mtengenezaji awajibike kwa spika ikishakufa, lakini hatujamwambia chochote kuhusu kuiacha iishi. Ni kama kujenga mochari kabla ya zahanati.

16/ Tuwape nafasi na wanaopinga, manake wana hoja. Ya kwanza ni usalama. Kweli kabisa: ndani ya pawa sapulai ya kifaa kinachotumia umeme wetu wa volti 240, kapasita inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Inaweza kuua. Lakini mchoro ndio unaomwonyesha fundi kapasita hiyo iko wapi. Watu watafungua tu, wawe na mchoro au wasiwe nao. Kumficha fundi ramani ya bomu hakumfanyi awe salama zaidi.

17/ Hoja ya pili ni siri za biashara. Hii nayo ina uzito, hasa kwa kampuni ndogo za sauti ambazo mtaji wao wote ni ubunifu. Ila kujua ni chipu gani ya kubadilisha hakukupi programu iliyo ndani yake, wala siri ya jinsi boksi la spika lilivyopigiwa hesabu. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ililetea bunge lao ripoti baada ya kuzipitia sababu za watengenezaji, ikasema ushahidi wa kuunga mkono vizuizi vyao ni haba mno.

18/ Hoja ya tatu ni gharama, na hii ndiyo ngumu zaidi. Kuhifadhi spea kwa miaka 7 kunahitaji ghala, na ghala ni pesa. Bei ya kifaa kipya inaweza kupanda. Pia kampuni inaweza kutii sheria kwa ujanja, iuze bodi ya Sh70,000 kwa spika ya Sh80,000. Kwa hivyo ukisikia mgombea anaahidi haki ya kutengeneza bila kutaja bei ya spea, ameahidi nusu. Upande wa pili, mchoro wa saketi hauhitaji ghala. Ni faili. Hata kama bodi imekwisha, faili ingemtosha fundi wetu.

19/ Hoja ya nne ni soko huria: "Hupendi? Nunua nyingine inayotengenezeka." Ningekubali kama ningejua ipi inatengenezeka kabla ya kulipa. Boksi linakuambia wati, linakuambia masafa ya sauti, halikuambii kama bodi inauzwa. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ufaransa walishughulikia hilo mwaka 2021: bidhaa kama simu, kompyuta za mapajani na televisheni zilianza kuuzwa zikiwa na alama, hadi 10, ya urahisi wa kuzitengeneza. Hapo anayependa soko huria na anayependa sheria wanaweza kukaa meza moja, kwa sababu soko bila habari ni kamari.

20/ Halafu kuna hoja ya kazi, ambayo kwenye midahalo yetu hupigiwa kelele kila mara lakini haiunganishwi na hii. Kila jukwaa linaahidi ajira kwa vijana na kusifu jua kali. Sawa. Mzee wa Luthuli alikuwa na vijana wawili wanaojifunza kwake. Siku ile walifunga spika bila kulipwa hata shilingi. Mikono wanayo, mita wanayo, chuma cha kulehemu wanacho. Kilichokosekana ni karatasi moja. Kuna ruzuku za serikali ambazo zingefanya kidogo kuliko karatasi hiyo.

21/ "Lakini Kenya ni soko dogo, kampuni zitatupuuza." Hapa naomba tusidanganyane, ni kweli kwa kiasi. Peke yetu hatuwezi kumtisha mtengenezaji mkubwa. Lakini tuko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi 8, na kanuni moja ya jumuiya ina nguvu kuliko nane tofauti. Pia tayari KEBS ina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa kuja huku. Swali la "mwongozo wa fundi uko wapi?" linaweza kuongezwa kwenye foleni hiyo hiyo. Na mchoro ukishatolewa kwa ajili ya California, hauhitaji visa kufika Nairobi.

22/ Msimamo wangu, ili msiseme nimejificha: sioni haja ya kuanza na sheria kubwa. Ningeanza na mambo mawili. Moja, michoro na miongozo ya fundi iwe wazi waranti inapoisha. Siku kampuni inapoacha kuwajibika ndiyo siku ambayo mtu mwingine aruhusiwe kuwajibika. Mbili, boksi liseme spea zitapatikana kwa miaka mingapi. Hata ikiwa sifuri, iandikwe sifuri. Hayo mengine tuyajadili. Unaweza kunipinga, ndiyo maana ya uzi huu.

23/ Maswali ya kumuuliza mwaniaji yeyote, wa upande wowote, akija mtaani kwenu:
– Sheria yako itamfunga nani: fundi, muuzaji wa hapa, au mtengenezaji?
– Nani ataamua bei ya spea ni ya haki?
– Inahusu vifaa gani? Soma orodha.
– Kampuni isipotii, adhabu ni nini, na nani ataitoza?
Akijibu mawili tu bila kuanza kuwatusi wapinzani wake, huyo amefanya kazi ya nyumbani.

24/ Na kabla sheria yoyote haijakuja, jilinde. Usilipe kabla ya kuuliza bodi na betri zinauzwa kivyake au la. Tafuta mtandaoni kama mwongozo wa fundi wa modeli hiyo upo. Muulize fundi wako, si muuzaji, ni modeli gani huwa anaweza kuzirudisha. Weka risiti. Kifaa kikikataa ndani ya waranti na duka likikuzungusha, Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai ya hadi Sh1,000,000, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

25/ Binamu yangu bado anafanya kazi na spika moja na hedifoni. Kwa spika moja huwezi kusikia sauti ya soprano imekaa kushoto au kulia, kwa hivyo kazi za kwaya amekuwa akizipeleka kwa rafiki yake kumalizia, na wanagawana malipo. Mkopo wa chama alimaliza kulipa Novemba. Alilipia miezi minne kitu kilichokuwa kimekufa. Spika ya kushoto bado iko Luthuli kwa mzee, juu ya rafu, na karatasi imebandikwa juu yake: "INANGOJA CHIPU".

26/ Nimemaliza. Kama una kifaa chako kinachongoja chipu, kiwe spika, friji au mashine ya kunyunyizia dawa, kiandike hapo chini na uliambiwa nini dukani. Usitaje jina la duka, taja jibu ulilopewa. Nitayakusanya majibu hayo, na ushiriki wa umma ukiitishwa juu ya jambo hili tutakuwa na kitu cha kupeleka mbali na hasira. Wanaonipinga kwenye nambari 18 na 21, nawasubiri, hizo ndizo ngumu. Uzi ujao: kwa nini kila mgombea anaahidi kushusha bei ya unga, na nani hasa anaipanga.